Sumaku haivuti shaba, sasa mbona ndani ya bomba la shaba inashuka kama imeshikwa?

mtundu_wa_vyuma

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada kabla sijaanza kuamini kwamba nyumba hii ina wenyewe.

Nina kipande cha bomba la shaba nyekundu, urefu sentimita 50, upana wa nje milimita 15, ukuta wake una unene wa milimita 1. Nina pia sumaku nne ndogo za duara, zile zinazong'aa ambazo nguvu zake hazilingani na umbo lake. Kila moja ina upana wa milimita 12 na unene wa milimita 5. Moja peke yake ndani ya bomba inalala upande na kukwama, kwa hiyo nimezipanga zote nne zikashikana, zikawa kigogo kimoja kifupi cha gramu 17.

Jana nimekaa sina hili wala lile, nikalisimamisha bomba wima nikaangusha kigogo kwa juu. Nikangoja kisikike chini. Kimya. Nikajua kimekwama. Nainama nichungulie, ndipo kikatoka taratibu kama mzee anayeshuka ngazi. Nimepima kwa saa ya simu mara kumi: ni kati ya sekunde 5.5 na 6. Kwa urefu huo, kitu kikiachiwa tu kinatakiwa kifike chini kwa theluthi moja ya sekunde.

Kinachonisumbua ni hiki. Shuleni tuliambiwa sumaku inavuta chuma, nikeli na kobalti. Shaba haimo. Na kweli, nikiligusisha bomba na sumaku, hainasi hata kidogo. Kwa nje sumaku na shaba hawajuani kabisa, wakiingia ndani wanakumbatiana. Inakuwaje?

Chokochoko

Hewa hiyo mkuu. Tundu la bomba ni milimita 13, sumaku ni milimita 12. Hewa iliyo chini inapita wapi? Umetengeneza pampu ya baiskeli bila kujua. Hakuna cha sumaku hapo.

mtundu_wa_vyuma

Nami nilianza na hewa. Nimechukua boliti ya milimita 12, nikaikata kichwa kwa msumeno hadi ibaki urefu uleule wa sumaku. Nimeiangusha kwenye bomba hilohilo: pwa! Imefika kabla sijabonyeza saa. Halafu nikachukua bomba la plastiki lenye tundu la kukaribiana na hilo, nikaangusha sumaku: pwa tena. Hewa ni ileile pande zote mbili. Lazima ziwe sumaku na shaba, zote mbili, ndipo mambo yaanze.

mwalimu_mstaafu

Hongera kwa kutenganisha visababishi namna hiyo, wanafunzi wangu wengi walikuwa hawafiki hapo.

Jibu fupi: uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafika, ukibadilika ndani ya kipitishi (kitu kinachopitisha umeme, kama shaba) huzalisha mkondo wa umeme. Michael Faraday alilionyesha hilo Uingereza mwaka 1831. Mwaka 1834 Heinrich Lenz akaongeza kanuni ya mwelekeo: mkondo unaozalishwa huelekea upande unaopinga badiliko lililouzalisha. Sumaku yako inaposhuka inazalisha mikondo ndani ya ukuta wa bomba, mikondo hiyo ina uga wake wa sumaku, na uga huo unapinga kushuka. Ndiyo habari yote.

mtundu_wa_vyuma

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara tatu. Maneno nayaelewa, ila picha haiji. "Unapinga badiliko" maana yake nini kwa kipande cha shaba? Shaba inajuaje kwamba kuna badiliko la kupinga? Na umeme huo unatoka wapi wakati sijafunga betri popote?

Fundi Koili

Kijana, mwalimu kasema kweli tupu, ila kakupa mfupa bila nyama. Mimi nasuka mota, kazi yangu ya miaka mingi ni kuzungusha waya wa shaba kwenye chuma, kwa hiyo ngoja nikueleze kwa njia ya karakana.

Tafuta mita ya mshale. Sitaki ya namba, nataka uone mshale unavyoruka. Chukua lile bomba lako la plastiki, lizungushie waya mwembamba wa kusukia mota, mizunguko mia mbili hivi, ncha mbili za waya uzifunge kwenye mita. Weka kipimo cha chini kabisa.

Ingiza sumaku ndani ya koili uiache imetulia. Mshale uko wapi? Sifuri. Iache humo mpaka kesho, ni sifuri. Sasa ichomoe haraka. Mshale unaruka upande mmoja na kurudi. Irudishe ndani: unaruka upande wa pili na kurudi. Ukiichomoa kwa haraka zaidi, mshale unaruka mbali zaidi. Ukiivuta polepole sana, hautikisiki.

Hapo ndipo pa kukaa na kufikiri, maana ndipo hata wakubwa walijikwaa. Kila mtu alijua umeme unatengeneza sumaku. Hans Christian Ørsted alikuwa ameonyesha mwaka 1820 kwamba waya wenye mkondo unapindua sindano ya dira. Wakasema basi, na sumaku nayo itatengeneza umeme. Wakaweka sumaku kubwa karibu na koili, wakangoja. Hakuna kitu. Inasimuliwa kwamba mwanasayansi mmoja wa Geneva, Jean-Daniel Colladon, aliogopa sumaku yake isije ikavuta mshale wa kipimo ikamdanganya, akakiweka kipimo chumba kingine. Anaingiza sumaku kwenye koili, anatembea kwenda kuangalia mshale. Akifika, mshale umesharudi sifuri. Ugunduzi wote ulifanyika alipokuwa njiani.

Kwa hiyo sumaku ikiwepo tu haitoshi, umeme unakuja pale hali inapobadilika. Koili ikiona mistari ya sumaku (ndio ule uga wa mwalimu) inaongezeka au inapungua ndani yake, elektroni zake zinasukumwa. Mistari ikitulia, hata iwe mingi kiasi gani, elektroni zinakaa kimya.

Sasa rudi kwenye bomba lako. Usilione kama bomba. Lione kama pete nyembamba za shaba zilizopangwa moja juu ya nyingine toka chini hadi juu. Kila pete ni koili ya mzunguko mmoja ambayo ncha zake zimeshaungana. Haihitaji mita wala betri, njia ya mkondo imeshafungwa tayari.

Kigogo chako kinashuka. Pete iliyo chini yake inaona sumaku inakuja, mistari inaongezeka. Mkondo unazunguka ndani ya pete hiyo, na pete yenye mkondo ni sumaku, kama alivyoonyesha Ørsted. Ncha yake ya juu inakuwa sawa na ncha ya chini ya kigogo. Kaskazini kwa kaskazini. Inakisukuma kirudi juu.

Pete ambayo kigogo kimeshaipita inaona kinyume chake: sumaku inaondoka, mistari inapungua. Mkondo wake unazunguka upande mwingine, na pete hiyo inakivuta kigogo kisiondoke. Kwa hiyo wa chini anasukuma na wa juu anavuta, wote wawili wanakiambia "usiende." Hiyo ndiyo "kupinga badiliko" aliyoisema mwalimu.

Umeuliza shaba inajuaje. Haijui kitu. Igeuze tu kanuni uone: tuseme pete ya chini ingekuwa inakivuta kigogo badala ya kukisukuma. Kigogo kingeongeza kasi, kasi ingeongeza mkondo, mkondo ungeongeza mvuto, na kigogo kingetoka chini kama risasi, na umeme juu yake, bure. Dunia haigawi bure namna hiyo. Ndiyo maana mwelekeo ni wa kupinga siku zote.

Na betri ni nani? Ni wewe uliyeinua sumaku hadi juu ya bomba. Kwenye dainamo mtu au maji au injini inazungusha. Hapa uzito wa kigogo ndio unaofanya kazi ya kuzungusha.

Usifikiri pia ni umeme wa kubahatisha. Chukua pete ya bomba lako yenye kimo cha sentimita 1 ukokotoe ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia mkondo usipite: haufiki sehemu moja ya elfu kumi ya omu. Kwa njia nyepesi ya kupita namna hiyo, milivolti moja tu inatosha kusukuma zaidi ya ampea 10. Volti ni msukumo, ampea ni wingi wa kinachopita, na watu wengi wanachanganya hivi viwili. Hapo una msukumo wa kuchekesha na mtiririko wa kutisha.

Chokochoko

Hewa naiondoa mezani, nimekubali. Lakini fundi, hizo pete zinapataje habari haraka hivyo? Au kwa sababu elektroni zinakimbia kwa kasi ya mwanga?

mwalimu_mstaafu

Hapana, ndugu yangu. Hilo nimelisahihisha kwenye madaftari hadi kalamu zikaisha wino.

Waya wa shaba wenye eneo la milimita mraba 1, ukibeba ampea 1, elektroni zake zinasogea kwa wastani wa milimita 0.07 kwa sekunde. Kumaliza mita moja ya waya zinahitaji zaidi ya saa tatu na nusu. Konokono anazipita. Kinachokimbia ni msukumo wenyewe, si elektroni. Bomba la maji likiwa limejaa tayari, ukifungua koki maji yanatoka papo hapo upande wa pili, ingawa maji yaliyo kwenye tangi hayajafika. Waya nao umejaa elektroni tangu ulipotengenezwa, na bomba la shaba vilevile. Zile za kwenye pete zilikuwa humohumo zikisubiri, na sumaku inazisogeza mahali zilipo.

Fundi Koili

Hapo mwalimu umenipunguzia kazi.

Niongeze kisa kimoja, maana mikondo hii ya ndani ya chuma mimi niliijua kwa kuungua mfuko kabla sijaijua kwa jina.

Miaka yangu ya mwanzo kwenye kazi nililetewa mota ya pampu. Beringi zilikuwa zimekwisha, rota (sehemu inayozunguka) ikawa inasugua stata (chuma kilichotulia kinachoizunguka), waya umeungua. Nikatoa waya wa zamani, nikaona uso wa ndani wa stata una mikwaruzo na ncha ncha. Nami nilikuwa kijana nataka kazi ipendeze. Nikachukua grenda, nikausugua ule uso hadi ukang'aa kama kioo. Nikasuka waya mpya, nikamwaga vanishi, nikakausha, nikafunga beringi mpya. Nikapima: hakuna koili iliyogusana na mwenzake, hakuna waya uliogusa bodi. Nikaiwasha bila mzigo wowote.

Baada ya dakika chache nikaweka kiganja juu ya bodi. Hapashikiki. Nikazima, nikapima tena waya wote. Wazima. Nikaiwasha. Moto tena, na sasa vanishi inaanza kunuka.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuja, hakugusa mita. Aliichungulia stata kwa tochi, akapitisha ukucha ndani kwenye ule uso wangu uliong'aa. Akasema, "Ulitaka mota, umejenga jiko."

Akachukua stata nyingine chakavu akanionyesha. Chuma cha mota si pande moja. Ni bati nyembamba, za nusu milimita hivi, mamia yake, zimepangwa kama kurasa za kitabu, na kila bati ina utando mwembamba wa kuizuia isipitishe umeme kwa jirani yake. Nilikuwa naziona kila siku nikidhani ni urahisi wa kiwandani. Sababu yake ndiyo hii tunayoijadili. Sumaku ya mota inabadilika mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo chuma nacho kinazaliwa mikondo ya kuzunguka ndani yake kama visulisuli, sawa na bomba lako. Ikiwa chuma ni pande moja, visulisuli vinapata uwanja mpana, vinazunguka vikubwa, vinakula umeme na kutoa joto. Ukikikata chuma vipande vyembamba na kuweka kizuizi kati yake, kila kisulisuli kinabanwa ndani ya nusu milimita na kufifia. Transfoma nayo imepangwa bati hivyohivyo.

Mimi kwa grenda yangu niliyeyusha kingo za bati zikashikana. Nilifuta kurasa za kitabu. Ile mota nililipa.

Kwa hiyo kijana, una jaribio moja limebaki, na ningependa ulifanye wewe mwenyewe badala ya mimi kukwambia. Chukua bomba jingine kama hilo, ulipasue kwa msumeno wa chuma kwa urefu wake wote, upande mmoja tu, ibaki nafasi nyembamba kutoka juu hadi chini. Pete zote zitakuwa zimekatika. Kabla hujaangusha sumaku, andika hapa unadhani itachukua sekunde ngapi. Ukishaandika ndipo uangushe.

mtundu_wa_vyuma

Fundi, mkono umekufa ganzi. Kupasua sentimita 50 za shaba kwa msumeno wa mkono si mchezo, mstari umekwenda kama njia ya nyoka. Ila nimemaliza, na kingo nimezipiga tupa.

Utabiri wangu kabla ya kuangusha: pete zimekatika, mkondo hauna pa kuzunguka, kwa hiyo itaanguka pwa kama kwenye plastiki.

Matokeo: sekunde 3. Nimerudia mara sita, ni 3 na vipointi. Ni haraka kuliko bomba zima, lakini ni polepole mno kuliko plastiki. Sasa nimerudi gizani. Mkondo unapita wapi?

Fundi Koili

Nilijua utasema pwa, kila mtu husema pwa. Mimi pia nilisema.

Umeukata mzunguko mkubwa unaolizunguka bomba. Lakini ukuta wenyewe ni kipande kipana cha shaba, na hakuna aliyeuambia mkondo lazima uzunguke bomba zima. Unakwenda ubavuni, ukifika kwenye mpasuo unageuka, unashuka kidogo, unarudi ulikotoka. Kisulisuli kimoja mbele ya sumaku na kingine nyuma yake vinaungana kwa namna hiyo. Njia imekuwa ndefu na yenye kona, ukinzani umepanda, breki imelegea, ila haijaisha. Ungelikata bomba vipande vyembamba vya urefu, kila kimoja kikatengwa na mwenzake, ndipo ungekaribia plastiki. Hapo ungekuwa umetengeneza stata.

Chokochoko

Swali la mchokozi. Sumaku ikiwa kali mara kumi, itasimama kabisa hewani?

mwalimu_mstaafu

Haitasimama. Ikisimama hakuna badiliko, bila badiliko hakuna mkondo, bila mkondo hakuna wa kuizuia, kwa hiyo inaanza kushuka tena. Inatafuta kasi ambayo msukumo wa mikondo unalingana sawasawa na uzito wake, halafu inashuka kwa kasi hiyohiyo hadi chini. Kwa bomba la mtundu ni kama sentimita 8 au 9 kwa sekunde, na inaifikia ndani ya milimita chache za mwanzo. Sumaku kali zaidi kwa uzito uleule itatambaa polepole zaidi, lakini itatambaa.

Kuna njia moja ya kuisimamisha: ondoa ukinzani wote. Katika vipitishi kamili, ambavyo vinahitaji baridi kali sana, mkondo ukishaanza hauchoki, na sumaku inaweza kuelea palepale. Shaba haifiki huko, ingawa ukiipoza sana ukinzani wake hupungua na sumaku inazidi kuchelewa.

Na msione aibu kushangaa. François Arago wa Ufaransa aliona mwaka 1824 kwamba diski ya shaba ikizungushwa chini ya sindano ya dira, sindano inaifuata. Shaba ileile isiyovutwa na sumaku. Miaka saba ilipita kabla Faraday hajaeleza kwa nini. Watu makini kabisa walikaa na swali la mtundu miaka saba.

mtundu_wa_vyuma

Nimewapata sasa, naona picha. Lakini kuna deni. Fundi amesema mikondo inatoa joto, na mota yake ilikuwa haishikiki. Nimeangusha sumaku zaidi ya mara hamsini leo, bomba nimelishika na kulibandika hadi shavuni. Baridi kama lilivyokuwa. Joto liko wapi?

mwalimu_mstaafu

Lipo, tulihesabu. Gramu 17 zikishuka nusu mita zinaachia nishati ya kama jouli 0.083. Karibu yote inageuka joto ndani ya shaba, kwa sababu sumaku inafika chini ikiwa na kasi ndogo mno ya kuondoka nayo. Bomba la vipimo vyako lina uzito wa karibu gramu 200. Kupandisha gramu 200 za shaba kwa nyuzi 1 ya selsiasi kunahitaji jouli 77 hivi. Kwa hiyo kila ukiangusha, bomba linapanda kwa sehemu moja ya elfu ya nyuzi. Mara hamsini ni kama sehemu moja ya ishirini ya nyuzi, na hiyo ni kama lisingepoteza joto hata kidogo. Mkono wako wenyewe ulipolishika ulilipasha zaidi.

Ukitaka kulihisi, usitegemee uzito wa sumaku, tumia mkono unaosukuma bila kupumzika. Léon Foucault alifanya hivyo mwaka 1855. Alizungusha diski ya shaba katikati ya ncha za sumaku kali, akakuta inakuwa nzito kuzungusha na diski inapata moto. Ndiyo maana visulisuli vya fundi hapo juu huitwa pia mikondo ya Foucault.

Fundi Koili

Na matumizi yake si ya maabara tu. Zile mita za umeme za zamani zenye diski ya alumini inayozunguka, ukifungua utakuta sumaku imeikumbatia diski pembeni bila kuigusa. Ndiyo breki yake. Bila hiyo diski ingekimbia ovyo na hesabu isingekuwa hesabu. Breki isiyogusa, isiyolika, isiyotaka grisi. Napenda kifaa cha namna hiyo kuliko nusu ya vitu ninavyoletewa karakana.

Kijana, bado una nguvu? Una mizani ya namba inayopima gramu moja moja? Simamisha bomba zima juu yake, ibonyeze hadi isome sifuri, halafu angusha sumaku. Sumaku ikiwa njiani, haijagusa chini, mizani itasoma ngapi? Andika kwanza.

mtundu_wa_vyuma

Naandika: sifuri mpaka itue, kisha 17. Sumaku iko hewani, haijagusa chochote. Narudi.

mtundu_wa_vyuma

Nimerudi. Nimeweka kipande kinene cha mbao juu ya mizani ili sumaku isicheze na chuma chake, bomba nimelisimamisha kwa donge la udongo, nikabonyeza sifuri. Nikaachia.

Namba iliruka mara moja hadi 17 na kukaa hapo. Sumaku iko nusu ya njia, inaning'inia katikati ya bomba, mizani inasoma 17. Nilikaza macho kusubiri itue nione itapanda hadi ngapi. Ikatua, nikasikia "tik" kwenye mbao. 17. Mizani haikutofautisha sumaku iliyo njiani na sumaku iliyolala chini.

Chokochoko

Subirini. Kwa hiyo bomba lilikuwa limeibeba?

Fundi Koili

Limeibeba muda wote. Mikondo inaisukuma sumaku juu, sumaku nayo inalisukuma bomba chini kwa kiasi kilekile. Kama inashuka kwa kasi isiyobadilika, kiasi hicho ni uzito wake wote.

Sasa rudia na lile bomba lililopasuliwa, ambalo breki yake imelegea. Chokochoko, tabiri wewe safari hii.

Chokochoko

Inashuka mara mbili haraka zaidi, kwa hiyo imeshikwa nusu. 8 au 9.

mtundu_wa_vyuma

Nimerudia mara nne, maana sikuamini. 17.